Muanacha Hanijibu

Jumatatu, 14 Julai
Vitumbua vimeisha mapema. Nimeosha chuma cha kukaangia, nimekwenda kwa Muanacha. Wiki ya pili sasa. Kikundi chetu cha wanawake tuliovuka mto Ruvuma kukimbia vita kimenipa mimi nimshike mkono, kama nilivyoshikwa nilipokuja kutoka Palma. Soko, zahanati, ofisi ya mtaa, nani wa kumwamini hapa Ufukoni. Ana mimba ya kwanza, miezi saba. Mumewe hajasikika. Naongea Kimakonde mpaka koo linakauka, yeye ameinamisha macho. Neno hata moja! Nampenda hivyo hivyo. Anakunja kanga zangu vizuri kuliko mimi.

Jumatano, 16 Julai
Zahanati. Nesi kauliza kama kichwa kinauma, kama macho yanaona ukungu. Muanacha kanitazama, kainama. Miguu imevimba. Presha imepanda kidogo. Nesi kasema akiumwa kichwa aseme mara moja, mimba ya hivi haichezewi. Atasema kwa mdomo gani? Nimenuna njia nzima. Halafu nimemnunulia machungwa, maana kununa kwangu hakudumu.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemsikia bombani anacheka. Anacheka! Na Mama Neema, jirani yangu, mke wa kuli wa bandarini. Kumbe mdomo anao, na Kiswahili anacho, ila si kwangu. Wivu! Nimeunguza mchuzi.

Jioni, siku hiyo hiyo
Mama Neema kaja mwenyewe. "Mwenzio anasema wewe kungwi wake. Hawezi kukujibu mpaka umtoe nje."
Siku ya kwanza nilimfunika kanga mpya, nikamkalisha mkekani chumbani kwake, nikasema mimi ndiye nitakayemfunda mambo ya huku. Kwetu, mwenye mimba ya kwanza akifanyiwa hivyo amewekwa ndani. Na mwali hamjibu kungwi. Mimi nilidhani namkaribisha mgeni! Ukaaji wa mjini umenisahaulisha kwetu. Naogopa. Huenda anaumwa na adabu imemfunga mdomo.

Ijumaa, 18 Julai
Sikungoja ngoma wala pilau. Kulipokucha nimempaka mafuta ya nazi, nimemshika mkono, nimemtoa mpaka uani. Mama Neema, Mkristo wa Mbeya, asiyejua unyago unaanzia wapi, kapiga vigelegele hadi majirani wametoka na miswaki mdomoni. Nikamwambia, basi, nimekutoa, sema.
"Kichwa kinapasuka. Tangu juzi. Hata wewe sikuoni vizuri."
Nimelia pale pale. Bajaji mpaka hospitali. Presha iko juu mno. Wamemlaza, wamemchoma sindano. Daktari kasema tumewahi, lakini sura yake haikuniridhisha. Mungu, usimchukue.

Jumapili, 20 Julai
Vitumbua sikupika. Presha inapanda, inashuka. Nimekaa.

Jumatatu, 21 Julai
Imeshuka, imetulia. Mtoto anacheza tumboni. Muanacha kaomba uji, kaukosoa, haukukolea chumvi. Tumeongea. Kumbe kanizidi miaka minne, sikuwahi kumuuliza. Mkubwa mzima, siku zote hizo ananiinamia.
Nesi wa zamu kauliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Jirani? Mwanakikundi? Muanacha akaniwahi.
"Mdogo wangu huyo."
Nesi akaandika. Mimi nikaendelea kumenya chungwa.