Suruali ya Mulimani Aliyoiacha Kabwe

Kijiji cha Chabu, karibu na Kashikishi,
Nchelenge, Ziwa Mweru,
Rodezia ya Kaskazini.
Tarehe 15 Septemba 1957

Mupendwa mwanangu Rodwell,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, nakusalimu tena kama mama yako mukubwa. Uko muzima? Mwili unaitika? Na baridi ya huko Bukavu, umeizoea sasa ama bado inakutesa? Unakula vizuri?

Sisi hapa tunaendelea. Mama yako Mutale alivuka ziwa kutoka Kilwa ya ng'ambo, upande wa Kongo, mwezi uliopita, akakaa kwangu siku nane. Magoti yanamusumbua, lakini kinywa chake hakina ugonjwa wowote, alisema toka asubuhi mpaka jioni. Mimi nakula, nasali, nashukuru.

Barua hii naiandika kwa mukono wangu mwenyewe. Wamama wengine wa hapa wanaenda kwa karani, wanatoa siri zao mbele ya watu wanaongoja zamu. Miaka yangu mitatu kwenye shule ya misheni kule Kilwa haikupotea bure. Na kwa sababu wewe Kiswahili ndicho ulichosomea, nimeona nisikusumbue na Kibemba.

Ziwa lina upepo mwingi mwaka huu. Samaki mpumbu hawapandi tena mutoni kama zamani, watu wanavua chisense tu, samaki wadogo wale. Lakini nyavu za baba yako mukubwa ziko imara, huu ni mwaka wa tano. Za majirani zinaoza mwaka wa pili. Mimi ndiye ninayezichemsha kwa maganda ya muti, na pwani yote wanajua: kitu kikitunzwa na Mama Kabwe, kinadumu. Ndivyo nilivyokuwa nasema.

Sasa niseme lililonishikisha kalamu. Ni miaka miwili na miezi mitano tangu tumuzike Kabwe wangu, na jina lake bado liko chini, hakuna aliyeliokota. Unajua desturi yetu. Mutu akifa bila muke wala mutoto, na ndugu wa upande wa mama asipokuja kupokea maji na jina mbele ya watu, jina linafungwa. Hakuna tena mutoto yeyote wa ukoo anayepewa jina hilo. Mujomba wako Davison amesema anangoja mvua ya kwanza ya Novemba, basi.

Wote tunajua murithi ni wewe. Mimi na mama yako tulinyonya titi moja. Wewe na Kabwe mulibeba mizigo ya muzungu mumoja kwenye milima ile ya theluji. Hatuna mwingine, Rodwell.

Siku ya kupokea jina murithi huvaa kitu cha marehemu, na kila mutu alijua ni kitu gani: suruali yake ya mulimani. Unaikumbuka kuliko mimi. Yule muzungu mupima milima alipokuwa anarudi kwao mwaka wa 1951, aliwagawia nguo zake za mvua, koti kwako, suruali kwa Kabwe. Miaka minne mwanangu aliivaa. Mawe yaliikwaruza, miiba iliivuta, barafu iliganda juu yake, na tone moja halikupita.

Alikuja nayo hapa Krismasi ya 1953, wewe ulibaki kazini, kwa hiyo hukuona. Pale Kashikishi alikaa juu ya lundo la samaki wabichi, akasimama, akawageuzia watu mugongo: matako makavu! Soko lote lilijaa hapo. Agness, muuza samaki, akamupigia kelele, “Eh, Kabwe! Suruali gani hiyo inalia kama majani ya ndizi makavu?” Naye akamujibu, “Inaongea, mama. Ya mume wako imenyamaza kwa aibu.” Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mimi nilitembea nyuma yake kijiji kizima, ili waseme: yule ndiye mama yake.

Februari 1955 alirudi anakohoa. Miguu ilikuwa imebaki mikavu huko milimani, mvua ikaingilia kifuani. Aprili tulimuzika.

Wewe ulifika siku ya tatu ya matanga, umevaa lile koti. Nami nikasimama mbele ya watu wote nikasema, “Aliyechukua koti ndiye aliyechukua kifua cha mwanangu.” Uliondoka kabla matanga hayajaisha, na tangu siku ile salamu zako kwangu zinapitia kwa mama yako.

Suruali nikaiweka. Nilitaka siku ya urithi itoke kama mupya. Niliipaka mawese mekundu, mazuri, yale ya ng'ambo, mara tatu kila mwaka, kisha nikaitundika juu ya moshi wa samaki ili mende na muchwa wasiiguse. Baadaye niliikunja ndani ya sanduku. Mwanzoni iling'aa, Rodwell! Niliita wamama waje waione. Niliwaambia, nguo ya muzungu imepata mutunzaji.

Juma lililopita Davison aliomba kuiona. Badala ya kumuonyesha peke yake, niliita na majirani. Nikafungua sanduku. Miguu yake miwili ilikuwa imegandamana. Nikavuta kidogo, ikatoka kama ngozi ya samaki aliyeiva, muguu mumoja ukabaki mukononi mwangu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nikaipeleka kwa Patson, fundi wa baiskeli, nikifikiri ataiziba kama anavyoziba mipira. Akainusa.

“Mama Kabwe, umeipaka nini?”

“Mawese.”

“Na uliiweka wapi?”

“Juu ya moshi.”

Akaiweka chini polepole. “Mama, ndani ya kitambaa hiki kuna mupira. Umeshaniona mimi napaka mafuta kwenye mupira wa baiskeli? Mafuta yanaula, joto linaumaliza. Ungeiacha tu kwenye musumari, kivulini, ingefika miaka kumi.”

Ungeiacha tu. Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani. Kabwe mwenyewe aliniambia: maji baridi, kivuli, mafuta hapana. Nilimujibu, wazungu wanajua nini juu ya mende wa Mweru?

Milima haikuiweza suruali ile. Mikono yangu ndiyo iliyoiweza.

Na tangu siku hiyo jambo lingine haliniachi. Mwanangu mwenyewe nilimutunza vivyo hivyo. Alipofika anakohoa alitaka kwenda hospitali ya misheni. Nikamwambia, nani anajua kumulisha na kumuponyesha mutoto wangu kuliko mimi? Nikamuweka kando ya moto, ndani ya moshi, nikampa dawa zangu za mizizi, nikaita wageni waje kumusalimia mutu wa milimani. Wiki sita. Tulipompakia kwenye bwato, mutumbwi wetu, kumupeleka hospitali, daktari alisema tumechelewa.

Bado kuna neno moja, nalo ndilo zito. Kabwe alinieleza jinsi mulivyogawana. Muzungu alimupa yeye achague kwanza, kwa kuwa ni mukubwa, na wewe ulimwambia achukue koti, kifua chake si kizuri. Akakataa. Alinisimulia hapa hapa mulangoni pangu, anacheka: “Mama, koti mutu analivua akifika kwa watu. Suruali anaingia nayo mpaka ndani, wote wanaiona.” Nami nilicheka naye. Nilimusifu. Majivuno hayo aliyatoa wapi, kama si kwangu?

Kwa hiyo siku ile ya matanga nilijua. Nilijua, nikakusema. Nilitaka awepo mutu wa kulaumiwa, na wewe ulikuwa umesimama pale, muzima, umevaa koti. Nisamehe, mwanangu.

Kitu cha kukuvika sina tena. Davison amekubali kwamba maji, na ushanga wa kukufunga mukononi, vinatosha. Njoo na suruali yoyote uliyo nayo, hata yenye kiraka. Panda lori mpaka Albertville, toka hapo fuata njia ya Pweto na Kilwa, mama yako atakutafutia bwato la kuvuka. Ukitoka mapema Oktoba, utaitangulia mvua.

Na usidhani nafanya biashara na wewe. Uje usije, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, ibada ikiisha, nitasimama mbele ya watu wale wale, niyafute maneno yale kwa sauti ile ile niliyoyasemea. Nimeshamwambia muhubiri. Alisema naweza kumuungamia yeye peke yake, inatosha. Nikamwambia hapana, sikukusema mbele yako peke yako.

Na ukifika kwangu ukakohoa hata mara moja, siku hiyo hiyo tunakwenda hospitali. Sitakupa hata chai kwanza.

Baba yako mukubwa anakusalimia, yuko ziwani. Mujomba Davison anakusalimia. Maggie, dada yako wa hapa, amepata mutoto wa kiume juma hili, na wanangoja kumupa jina. Wakimuuliza Davison kama anaweza kuitwa Kabwe, anawajibu, “Tungoje Bukavu.” Hivyo mutoto anaitwa Mutoto tu.

Mungu akulinde kwenye njia za mawe, na akupe moyo mwepesi kuliko huu wangu.

Ni mimi, mama yako mukubwa, niliyekukosea na ninayekupenda,

Eness, Mama Kabwe