Jibu Nililompa Mjomba

Chumba cha mafundi, ghorofa ya chini,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko, na wifi na watoto? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi mzima wa mwili tu. Mengine Mungu anajua.

Uliniuliza Mjomba alikufaje. Wote nimewaambia alikufa akitabasamu. Ni kweli, ila wewe nitakupa na yaliyobaki, maana yananila.

Unajua miaka kumi na tisa alitafuta kitu kimoja tu: madini ambayo, yakipozwa sana, yapitishe umeme bila kizuizi ukienda, na kuuzuia ukirudi, bila sumaku yoyote karibu. Sisi maabara tulimcheka, tukimwita Bwana Baridi. Mwezi wa pili kipande kimoja cha madini kikafanya hivyohivyo. Mzee mzima alicheza pale kati ya mitungi ya gesi ya kupozea, Kaka, mpaka miwani ikamdondoka.

Wiki mbili baada ya kutuma andiko la ugunduzi wake kwenye jarida la sayansi, akalazwa. Nilipokwenda kumwona hakuuliza hata habari za nyumbani. Aliniuliza, "Umekigeuza?" Maana ukikigeuza kipande mbele nyuma, upande ulio rahisi lazima ugeuke nacho. Usipogeuka, basi siri haimo kwenye madini. Kuna sumaku imejificha mahali.

Sikuwa nimekigeuza. Nikamwambia tayari, na kila kitu kiko sawa. Akafumba macho akitabasamu. Hakuamka tena.

Baada ya mazishi ndipo nikakigeuza. Upande ule haukugeuka.

Nilitafuta siku tatu. Ni skrubu, Kaka. Kabla ya jaribio lile la mwezi wa pili, ile ya shaba ya kushikilia kipande ilikuwa imelika, nikatoa ya chuma kwenye boksi langu nikaifunga, nikijiambia skrubu ni skrubu. Mjinga mimi! Chuma kilishika sumaku. Nilipofunga ya shaba mpya, umeme ukapita sawasawa pande zote mbili.

Na andiko lake lilikuwa limeshakubaliwa kuchapishwa. Jana nikaenda kwa mkaza mjomba, nikamweleza yote, hata uongo wa hospitali. Alinisikiliza huku akikunja mashati ya marehemu. Akauliza kama mumewe aliniamini. Nikasema aliniamini.

"Basi liondoeni, nitatia sahihi kwa niaba yake," akasema. "Ila wewe usinijie tena hapa."

Limeondolewa leo asubuhi. Ni yeye aliyetulea, Kaka. Tangu utoto sijawahi kubisha hodi kwenye mlango ule, nilikuwa naingia tu kama kwangu. Usimpigie kunitetea, ana haki.

Msalimie wifi, mwanao mkubwa, na yule Kidomodomo wenu. Mungu awalinde, na awape ujasiri wa kusema kweli mapema kuliko mimi.

Wako akupendaye, asiye na pengine pa kulia,
Mdogo wako.