Kiti cha Nyuma Kiko kwa Mama Mkwe

Mpendwa Bi Hamisa, naomba msaada wako, na ukiweza nijibu kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo ndiyo nitaumbuka.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, naishi Tangini hapa Kibaha na mke wangu Kidawa na watoto watatu, na nina gari dogo la zamani ambalo mwezi uliopita lilianza kuzimika kila nikipanda kilima, fundi akasema pampu ya mafuta imekufa, Kidawa akasema, "Baba Zubeir, mwache fundi aifanye," mimi nikasema naibadilisha mwenyewe nyumbani, mtu anayefundisha milinganyo hawezi kushindwa na kidude cha ukubwa wa chupa ya soda. Sasa kwenye gari langu pampu imo ndani ya tanki na tanki liko chini ya kiti cha nyuma, kwa hiyo nikang'oa kiti kizima na mgongo wake, nikakiweka barazani, Kidawa akakifunika kitenge kisishike vumbi, na kabla sijamaliza hata kufungua tanki, mama mkwe wangu, Bi Tatu, akaingia kutoka Kisarawe bila taarifa na akaketi pale pale.

"Shikamoo mama," nikasema, mikono inanuka petroli.

"Marahaba mwanangu. Kiti gani hiki kizuri, kifupi, hakinisumbui magoti! Mmeninunulia mimi?"

Bi Hamisa, ungekuwa wewe ungesemaje? Mimi nilisema, "Ndiyo mama, chako hicho." Jioni akaita kirikuu, kile kigari cha mizigo, na mimi mwenyewe ndiye niliyekifunga kamba kiti changu kikaenda Kisarawe.

Pampu nilimaliza kesho yake, gari likawaka mara moja, nikazunguka mtaa mzima nikipiga honi ili kila jirani ajue. Lakini watoto wanakaa huko nyuma juu ya ndoo, na juzi askari wa barabarani alichungulia akauliza kama tunasafiri au tunahama. Sasa balaa lenyewe ni kwamba Jumamosi hiyo ya mwisho wa mwezi mjukuu wa Bi Tatu, Mwanahalima, anaolewa Pangani ya hapa hapa Kibaha, na mama amepiga simu nimfuate, naye kwenye gari hukaa nyuma tu, mbele anaogopa, anasema kioo kinamkimbilia. Akifungua mlango ataelewa kila kitu. Nikisingizia pampu imekufa tena, mtaa utanicheka mwaka mzima. Nikiomba kiti, nimempokonya mama mkwe zawadi, na hiyo aibu naipeleka wapi? Kidawa hanisaidii, kila akinitazama anacheka. Nifanyeje?

Mkwe, Tangini

*

Mkwe, pole, ingawa pole yenyewe nakupa nusu.

Umeandika mengi lakini hukusema popote kama ulichomoa waya wa betri, wala jiko la mkaa la Kidawa lilikuwa wapi wakati tanki la petroli liko wazi. Mwalimu mzima! Kabla hujambeba mama wa watu, muite yule fundi uliyemdharau, akague kama mpira wa kuziba juu ya pampu umekaa sawasawa. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, usiliwashe. Hesabu zako baki nazo darasani.

Halafu uongo. Ungesema tu, "Hapana mama, hiki ni cha gari, lakini nitakutafutia chako," angekuombea dua mambo yakaisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia Kisarawe.

Kwa kawaida barua za watu sizichanganyi. Ila wiki mbili zilizopita niliandikiwa na mama mmoja wa huko, nikampigia simu, na ameniruhusu nikunukulie:

"Mkwe wangu amenipa zawadi ya kiti. Nilipofika nyumbani nikakigeuza, nikakuta ndala ya mjukuu wangu na vipande vya chaki vya baba yake. Marehemu mume wangu aliendesha lori miaka thelathini, kiti cha gari nakijua. Kinanuka petroli, kuku hawakisogelei. Lakini nitakirudishaje, na maskini alikifunga kamba kwa moyo mmoja? Nitamuumiza."

Umesikia? Wewe unamwonea haya, naye anakuonea huruma, na watoto wanakaa juu ya ndoo.

Basi nenda kwa seremala leo, akutengenezee kiti kifupi chenye mto. Jumamosi toka mapema nacho, pamoja na spana zako. Salimia kwanza, kisha sema ukweli wote, hata ule wa honi. Kiti cha seremala kiache barazani kwake, cha gari kifunge hapo hapo uani yeye akitazama.

Nilimuuliza nikuambie nini. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena: "Mwambie aje, simdai neno. Ila safari hii nakaa mbele, kioo kinikimbilie tu. Kiti cha nyuma nimekikalia mwezi mzima."