Mkasi Mezani

2 Mei

Mwanangu mpendwa,

Unisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu namna hii. Barua yako niliipokea kabla mvua hazijaanza, nikaiweka kabatini ili niijibu kwa utulivu, na utulivu wenyewe sijaupata mpaka leo. Natumaini u mzima na kifua hakikusumbui tena. Mimi nipo, ila goti la kushoto linanikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi. Kaka yako hajambo, lakini amekonda. Yeye anasema ni kazi. Mimi nasema ni simu.

Usishangae kuona karatasi. Ukimwandikia mtu mmoja kwenye simu huku kwetu, wanasoma kumi, na haya ni ya mimi na wewe.

Ule mfumo uliotutengenezea, wa kiwanda kizima kuzungumza kwa simu, umeota mizizi. Asubuhi hatusimami tena kuizunguka meza ya kukatia. Unakumbuka tulivyokuwa: mafundi wote wamesimama, kazi inagawiwa kwa mdomo, na mwenye neno zito anaweka mkasi wake mezani. Mkasi ukishakaa pale, hakuna anayekata kitambaa mpaka mwenyewe asikilizwe. Tangu niwe mwenyekiti wa ushirika huu wa washonaji, mikasi iliyowekwa pale ni michache, kwa sababu aliyeuweka alikuwa amesimamisha kazi yake pia, na wenzake wanamtazama usoni. Hakuna aliyeuweka bila jambo.

Sasa mkasi umekuwa picha. Chai ikichelewa, mkasi. Timu ya mtu ikifungwa, mkasi. Bibi Vifungo, ambaye unamjua hawezi kushona kifungo bila kusema, alituma mikasi mitatu kwa sababu mkwe wake hakumsalimia. Mimi kila asubuhi nafungua simu, napitisha kidole mpaka ile namba nyekundu ya ujumbe usiosomwa ifutike, naitupa mkobani, nashika chaki yangu.

Sasa sikiliza. Mama Pasi ameungua. Bomba la pasi ya mvuke limepasuka kwenye kiungo na kumchoma mkono wa kulia, kuanzia vidoleni hadi kiwiko. Vidole viwili havikunjiki. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ametuma picha ya bomba hilo, na mkasi, na maneno mawili: “Linatoa mvuke.” Hakujibiwa. Alipoona kimya akadhani wakubwa wameona na fundi wa mitambo yuko njiani, akaendelea kupiga pasi.

Kaka yako, akiwa meneja, anasema kosa ni la mama wa watu. Eti kanuni mpya inataka ubovu uandikwe kwenye ukurasa wa ubovu, si kwenye mazungumzo. Anataka atolewe katika ushirika, na wanachama wapige kura kwa simu hadi mwisho wa mwezi. Tena anaapa kwamba ujumbe ule haukufunguliwa na mtu yeyote. Wewe ndiye uliyeujenga mfumo. Je, ni kweli?

Mama yako

12 Mei

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, kifua kimepona. Pole na goti. Usipande ngazi ukiwa umebeba majora ya vitambaa, najua unabeba. Barua yako niliisoma nikiwa bado mlangoni, ufunguo mkononi. Nimeumia sana kwa ajili ya Mama Pasi. Ndiye aliyenifundisha kunyoosha kola bila kuipa makunyanzi.

Lakini Mama, naomba usinikasirikie. Haturuhusiwi kufungua kumbukumbu za wateja kwa ombi la ndugu. Nikifanya hivyo sina kazi. Na huku kazini kwenyewe hakukaliki. Mwenzangu tunakaa dawati moja, viwiko vinagusana, na akitaka kalamu yangu ananitumia ujumbe. Wiki iliyopita mkuu wetu alimwachisha kazi dada mmoja ndani ya kundi la simu, sote tukiona. Chini ya tangazo watu wakaweka alama za makofi, kwa mazoea tu, maana kila tangazo huwekewa makofi. Dada mwenyewe alikuwa ameketi palepale. Hakuna aliyegeuza shingo. Hata mimi sikugeuza.

Kaa na Kaka, mzungumze. Huenda amechoka. Huenda kweli hakuna aliyeuona ujumbe. Mikasi ilikuwa mingi, umesema mwenyewe.

Nisalimie wote mezani.

Binti yako

18 Mei

Mwanangu,

Salamu. Afya yangu ni njema, na hasira yangu ina afya zaidi. Nilikuuliza swali la ndiyo au hapana, ukanipa habari za kalamu.

Kura imefunguliwa. Watu waliomlilia Mama Pasi kitandani kwake wanamtoa kwa kidole gumba, simu zikiwa chini ya cherehani, macho kwenye mshono. Nimemwuliza mmoja: “Mbona jana ulimpelekea uji?” Akanijibu bila haya: “Mama Mwenyekiti, uji ni uji na kura ni kura. Halafu wengi washabonyeza, mimi ni nani?”

Kwa hiyo juzi niliingia kiwandani, nikauweka mkasi wangu mezani, ule mkubwa, nikasimama.

Ungecheka. Vijana walidhani nimesahau kitu. Mmoja akanipiga picha, akaituma kwenye kundi, na walio hatua tano kutoka kwangu wakanitazama kwenye simu zao. Wa zamani walielewa, wakainamisha vichwa. Ni Bibi Vifungo peke yake aliyekuja kusimama kando yangu. Akanong’ona, “Leo nimekuja na mkasi wa kweli, usinihesabie ile ya mkwe.”

Cherehani ziliendelea, kwa kuwa kulikuwa na vipande vilivyokatwa jana yake. Vilipokwisha, zikanyamaza moja baada ya nyingine, kuanzia za mikono, kisha za kola, mpaka chumba kizima kikawa kimya. Ndipo kaka yako akatoka ofisini.

“Mama, sare za shule zinadaiwa.”

“Ziache zidaiwe. Nani alifungua ujumbe wa Mama Pasi?”

“Hakuna.”

“Umejuaje?”

“Mama, unaniaibisha mbele ya watu.”

“Watu gani? Mbona wako kwenye simu?”

Akaanza kucheka, kisha akageuka kushika fremu ya mlango, akawa anabandua rangi kwa ukucha, kama alivyokuwa akifanya utotoni akiwa na la kuficha. Tangu hapo sijalala vizuri. Nilikulea wewe, nikamlea yeye. Mkono wake naujua.

Sikuombi tena. Nimekuarifu tu.

Mama yako

23 Mei

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Nimempa mtu wa vifurushi ili ikuwahi kabla ya kura kufungwa.

Nilifungua kumbukumbu. Nilifanya hivyo mchana, wenzangu walipokwenda kula, na mpaka sasa kila anayepita nyuma ya kiti changu nadhani anakuja kunikamata. Mfumo hauandiki tu kwamba ujumbe umefunguliwa. Unaandika nani ameufungua na umekaa mbele yake kwa muda gani. Mimi ndiye niliyeweka kipengele hicho, na nilisifiwa.

Ujumbe wa Mama Pasi ulifunguliwa na karibu kiwanda kizima. Kaka aliufungua asubuhi ileile. Aliikuza picha, akaitazama kwa muda wa kutosha kuelewa, akaifunga.

Na wewe, Mama. Wewe pia uliufungua. Haukukaa mbele yako hata sekunde. Ulipita, kama ulivyonieleza, mpaka namba nyekundu ikafutika. Lakini jina lako lipo, tena juu ya la Kaka.

Ningeweza kukuficha. Nilifikiri kufanya hivyo, nikatembea kutoka kitandani hadi dirishani mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Kwa kanuni, na hili nilipaswa kukuambia tangu mwanzo, mwenyekiti wa ushirika akiomba kwa maandishi, kumbukumbu zote hutolewa rasmi. Zote, Mama, hatukati majina. Usipoomba, haya niliyokuambia hayana nguvu na kura itamtoa Mama Pasi. Ukiomba, unajua nini kitasomwa. Siwezi kukuambia ufanye nini. Yule mmoja ni kaka yangu na mwingine ni wewe.

Yule dada aliyeachishwa kazi nimekwenda kumwona. Alinifungulia mlango, hakunikaribisha ndani.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima na hakuna aliyekukamata. Mimi sijambo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kreti nje ya mlango wa kiwanda, basi uvumilie mwandiko.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Ombi nililituma siku ileile, kwa simu, wala usicheke. Majibu yakaja kabla sijavaa viatu.

Leo asubuhi niliwaita wote mezani. Simu tuliziweka kwenye kapu la vitambaa, zikawa zinalia humo kama vifaranga. Mama Pasi alikuja, mkono umefungwa. Nikasoma. Nilianza na mimi. Kisha nikamsoma kaka yako, na muda aliokaa na ile picha. Kisha wengine, mmojammoja, mpaka wa mwisho, na kila niliyemtaja aliacha kunitazama.

Kaka yako akasema, “Mama, ungeniambia kwanza.”

“Ningekuambia, ungeniomba. Na mimi ni mama, ningekubali.”

Akasema, bila kupaza sauti, kwamba aliliona bomba. Alitaka sare zitoke kwanza, ndipo amwite fundi. Alidhani mtu mwingine angejibu.

Nilimtazama Mama Pasi, nikitegemea atapata nafuu. Akasema, “Mwenyekiti, mlipokuwa mnasema hakuna aliyefungua, nilikuwa napata usingizi. Niliona ni bahati mbaya tu. Sasa najua mlinifungua wote.” Hakulia. Akakaa, akaupakata mkono wake kwa ule mwingine. Hakuna aliyejua pa kuweka macho, na safari hii simu zilikuwa kapuni.

Kura ya kumtoa imefutwa. Bibi Vifungo ndiye aliyesema ifutwe, na hakuna aliyepinga. Kilichobaki ni kaka yako na mimi. Wanachama wamesema meneja na mwenyekiti watoke ili wao waamue juu yetu. Yeye anatembea kwenda na kurudi uani. Amepita mbele yangu sasa hivi, nikasogea nusu ya kreti. Hakukaa, lakini amepunguza mwendo.

Humo ndani nasikia sauti. Wanabishana, tena kwa kelele, wanakatizana maneno bila adabu. Sauti ya Mama Pasi ndiyo ya chini kuliko zote, na ikianza, nyingine zinanyamaza. Sisikii anasema nini.

Sijui wataniacha kwenye uenyekiti au wataniondoa, wala sijui natamani lipi. Wakishaamua, na mlango ukifunguliwa, nitakuandikia.

Mama yako