Santuri Ambayo Haijafunguliwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Sie huku Temeke hatujambo. Mama yako amepona homa na anakusalimu. Unauliza kama santuri ya bendi yetu, iliyotolewa upya, uifungue au uiache na nailoni yake uje uiuze ghali.

Siku tuliporekodi, mie nilipiga tumba. Bibi yako, wakati huo mchumba wangu, alikaa pembeni. Mpiga gitaa alipokosea, bibi yako akaangua kicheko.

"Turudie!" akasema fundi mitambo.

"Kiache, kimependeza," akajibu kiongozi wetu.

Kwenye santuri ya zamani kicheko kile kilisikika kwa mbali, katikati ya mikwaruzo. Ilivunjika tulipohama. Wanasema hii mpya sauti yake ni safi mno. Nina hamu ya kujua: wamekifuta na kicheko?

Ukiifungua bei itashuka, naelewa. Ila tangu tumzike bibi yako sijamsikia. Ukiamua kuifungua, nipigie kwanza, simu uiweke karibu na spika.

Ni mie, babu yako.