Nyumba ya Watu Wanane

Jumatatu, 3 Februari 1992
Shule. Madaftari ya darasa la nne. Kisha kutafuta nyumba, kama juzi, kama jana. Tangu nihamishiwe Kayanga kutoka Kaisho tunalala wanane chumba kimoja: mimi, Tomasi, watoto watano, na mama yake Tomasi. Mwenye chumba ana kijana anaoa, anakitaka mwisho wa mwezi. Leo nimeona nyumba mbili. Moja kodi yake ya wakubwa. Nyingine haina choo.

Jumatano, 5 Februari
Nimeipata, nimeikosa, siku hiyo hiyo. Vyumba vitatu, bati, jiko la nje, kodi tunaiweza. Mwenyewe Mzee Bonifasi, mtu mpole. Kauliza tuko wangapi, nikawataja wote. Kusikia kuna bibi anayekohoa, kauliza kibanja chetu, shamba la ukoo, kiko wapi. Hatuna. Wazee wa Tomasi walitoka Rwanda wakaja kulima vibarua, ardhi yao wenyewe hawakuipata hata kipande.
"Sasa mwalimu, siku Mungu akimchukua mtamlaza wapi? Kwenye migomba yangu?"
Huku kaburi ndiyo hati. Ukizika mtu wako kwenye kibanja cha mwenzio, kesho wajukuu wanakuja kusema hapa ni kwetu. Namwelewa. Namchukia vilevile.

Ijumaa, 7 Februari
Nyumba mbili zaidi, swali lile lile. Ya tatu nikadanganya: tuko saba. Mama mwenye nyumba kafurahi, nipeleke kodi Jumatatu. Mama yake Tomasi tungemwingiza baadaye, tuseme mgeni. Nimemwambia Tomasi, na swali la kaburi pia. Mama alikuwa nyuma ya pazia. Kasikia yote.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya misa Mama hakurudi nasi. Nikajua katukimbia kwa sababu yangu. Nimelia njiani, wanafunzi wangu wananiangalia.
Saa nane huyo, taratibu na fimbo yake, karatasi mkononi. Alikuwa kwa katekista. Imeandikwa: akifariki atazikwa makaburi ya parokia. Hadi mahali kashaonyeshwa.
"Kampelekee yule mzee wa kwanza," kaniambia. "Nyumba ya kufichwa siitaki."
Nimemwandalia chakula.

Jumatatu, 10 Februari
Mzee Bonifasi kaisoma mara mbili, kaikunja, kaitia mfukoni. Kanipa ufunguo. Usoni hakunitazama. Kwa yule mama mwingine sijaenda kumwambia hatuji, naona haya.

Jumamosi, 15 Februari
Tumehamia. Manyunyu tangu asubuhi. Watoto wamegombania vyumba mpaka Tomasi akawagawia.
Mama kachukua kile kidogo. Kakifagia mwenyewe, katandaza nyasi sakafuni kama walivyofanya kwao zamani, kakaa juu yake. Kaniuliza kama bati linavuja. Nikamwambia halivuji.
"Basi kule parokia sina haraka," kasema, akajilaza.