Mkono Kwanza, Pampu Baadaye

Mpendwa Baba fundi,

Leo nimecheka kwa sauti ndani ya hospitali hapa Arua, watu wakanigeukia. Nimetoka nje nikuandikie kabla machozi hayajakauka.

Unakumbuka likizo ile nilipotoka chuo cha kusomea dawa za usingizi wa wagonjwa, nikakunyang'anya pampu kwenye kibanda chako cha baiskeli pale Koboko? Nilikuwa na haraka, na kiburi tele. Nikasukuma, nikasukuma, mpaka paa! Tyubu ikapasuka. Mama Ezaru, aliyekuwa akiuza muhogo ng'ambo ya barabara, alicheka mpaka akakaa chini. Wewe hukucheka. Ulinishika kiganja ukakiweka juu ya tairi jingine. "Mukono kwanza," ulisema. "Pampu hapana jua kitu." Nilinuna hadi jioni.

Basi, Baba, leo huyo huyo Mama Ezaru ndiye aliyelala mbele yangu. Vinyama vilikuwa vimemwota kooni, sauti imekwisha, pumzi inapita kwa taabu. Alinitazama, akanong'ona: "Si wewe ile napasua tairi?" Nilijifanya nacheka, nikamchoma dawa ya usingizi.

Daktari wa upasuaji alitaka koo liwe wazi ili avitoe vinyama, kwa hiyo hatukumwekea bomba la kupumulia. Nilipuliza oksijeni kwa nguvu kupitia mrija mwembamba, na kila pumzi ilipaswa kutoka yenyewe kwa koo lile lile kabla sijapuliza nyingine. Isipotoka, pafu hupasuka. Namba kwenye skrini zilikuwa nzuri, nami mjinga nikaziamini. Nikabonyeza kitufe cha oksijeni, nikabonyeza. Kiganja cha kushoto kilikuwa kifuani kwake, na hicho ndicho kilichonishtua: kifua kimepanda, hakishuki. Kimekaza, Baba, kama tairi lile.

Nikaachia. "Daktari, toa chombo chako kooni!" Nikamwinua taya. Tukangoja. Sijawahi kungoja kitu namna ile. Halafu hewa ikatoka, fyuu, na kifua kikashuka taratibu chini ya vidole vyangu. Mungu wangu! Tangu hapo nilipuliza mara moja, nikangoja kishuke, nikapuliza tena, mpaka kazi ikaisha. Picha ya kifua imeonyesha mapafu mazima.

Ulikwenda kaburini bila kuniambia kama nilijifunza chochote kibandani kwako, na hilo liliniuma miaka mingi. Wewe na sifa mlikuwa hampatani, najua. Leo haliniumi tena. Nimepata jibu, tena kwa mtu aliyeona aibu yangu yote.

Mama Ezaru alipoamka alikohoa, akanitafuta kwa macho. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa sauti.

"Mutoto ya fundi," akasema, "tairi iko?"

"Iko, mama," nikamjibu. "Iko nzima."

Lala salama, Baba.

Binti yako, aliyekupasulia tyubu